Darubini ya Baba Salma

Huku Texas, bunduki ndiyo rahisi. Kwa sisi tuliokulia Tanga, ambao bunduki tuliiona mkononi mwa mlinzi wa benki tu, tena mlinzi mwenyewe akiiogopa, maneno hayo hayaingii akilini haraka. Lakini waulize hawa wanaopiga shabaha za mbali, za yadi 1,000, yaani mita 914. Mtu ananunua bunduki ya dola 700, juu yake anapachika darubini ya dola 1,200, na hakuna anayemcheka. Mume wangu, Baba Salma, dereva wa lori mwenye akili zake timamu siku za kazi, alialikwa na mwenzake akatazame tu. Alirudi kakumbatia katalogi.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Pangani. "Huko mliko nguruwe mwitu wanawamalizia mashamba?"

Nikamwambia nguruwe mwitu wapo, tena tele, ila mwanao hapigi nguruwe. Anapiga bamba la chuma.

"Limemkosea nini?"

Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Dukani nilikwenda naye, maana akaunti ya benki ni yetu sote wawili. Kuna wanaopima kosa la risasi kwa dakika za pembe, moja ya sehemu 60 za digrii, ambayo kwa yadi 100 inakaribia inchi moja. Na kuna wanaopima kwa mili, ambayo kwa mita 100 ni sentimita 10, na kwa mita 1,000 ni mita moja kamili. Mtu aliyefundishwa hesabu kwa mita na sentimita angechukua mili akaenda zake. Baba Salma alichukua iliyoshushwa bei, na iliyoshushwa bei ilikuwa na yote mawili: mistari ya ndani ya kioo inahesabu kwa mili, vizungushio vya juu na vya pembeni vinahesabu kwa dakika. Kwa hiyo unaona umekosea kwa kipimo kimoja, unarekebisha kwa kingine, na katikati unatafuta kikokotoo. Kijana wa duka simlaumu sana. Bei ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, na Baba Salma akiona wino mwekundu masikio yanaziba.

Tena akataka inayokuza mara 25, aone hata inzi juu ya bamba. Mchana wa Julai, huku, kukuza mara 25 ni kukuza mazigazi. Bamba linacheza kama limo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, na wapigaji wazoefu nawaona wakishusha ukuzaji hadi mara 15 hivi na kutulia. Lakini hilo ukimwambia mtu aliyekwisha kulipia mara 25, unatafuta ugomvi.

Alipomaliza kulipia darubini ndipo akageuka mchumi. Vilibaki vishikizi: pete mbili za chuma zinazolikumbata bomba la darubini na kubana kwenye reli iliyo juu ya bunduki. Reli yenyewe ni ya kipimo kilichopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1995, ikabeba jina la Picatinny, ghala la silaha lililoko New Jersey. Mifereji yake yote ina upana mmoja na nafasi moja. Sifa nzuri, na hapohapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kila kitu kinaingia, hata cha dola 18. Nikamwambia: "Baba Salma, mimi ni mshonaji. Hariri haishonwi kwa uzi wa magunia." Akanijibu kwamba darubini ndiyo inayoona, vishikizi vinashika tu.

Wiki hiyo meza yetu ya kulia ikawa karakana. Kwenye fimbo ya pazia ikaning'inizwa timazi, ile ya mafundi waashi, na juu ya bunduki ikalazwa pimamaji. Tukawa tunakula jikoni wima. Kwa hili, nikiri, alikuwa na haki. Risasi yake ya .308 ikifika yadi 1,000 huwa imeshuka kiasi cha mita 10, ndiyo maana mtutu huinuliwa sana. Sasa mistari ikiwa imelala upande digrii 3 tu, huko mbele risasi inatua karibu nusu mita pembeni. Akafumba jicho, akalinganiza mstari na uzi wa timazi, akaizungusha darubini unywele mmoja, akashusha pumzi. Kazi safi kabisa.

Kisha akakaza skrubu kwa ule ufunguo uliopinda uliokuja na kitanda chetu cha kuunga mwenyewe.

Karatasi ya maelekezo ilisema kuna spana maalumu inayopima nguvu, na kwamba skrubu hizo ndogo zinataka kama nyutoni-mita 2, nguvu ya vidole hasa. Baba Salma amezoea nati za magurudumu ya lori. Alikaza mpaka ikalia. Skrubu moja ikala meno, ikawa inazunguka bure. Akaitia gundi ya Salma ya shuleni, akapuliza ikauke.

Kosa la pili lilikuwa umbali wa jicho. Darubini ya namna hii inataka jicho likae nyuma ya kioo kama sentimita 9. Aliupima akiwa amekaa kitini, mgongo wima, ametoka kula. Uwanjani wanapiga wamelala kifudifudi, na mtu akilala hivyo shingo yake husogea mbele kama ya kobe. Zile sentimita 9 zikawa labda 5. Alipofyatua, bunduki ikarudi nyuma kwa kishindo chake cha kawaida, na ukingo wa darubini ukamchora nusu mwezi juu ya nyusi, umepinda vizuri kuliko alama ya wanja. Damu kidogo, plasta, chai, tukarudi nyumbani.

Kesho yake kulikuwa na akika. Ukumbi umejaa watu wa Mombasa, Unguja, Tanga, mpaka Wakongo wawili wa Lubumbashi. Baba Salma akaingia na plasta yake. Aliyemwuliza alijibiwa, "Darubini." Jibu hilo halikumridhisha mtu hata mmoja. Upande wa wanawake nikaona minong'ono inakata njia nikipita na sinia la sambusa. Shoga yangu mmoja akanishika mkono: "Mama Salma, mume akikuudhi, si unatoka nje kidogo?"

Kabla ya wali kupakuliwa, mzee wetu mmoja wa Mombasa, ambaye kila ndoa ya huku ikitetereka hupelekwa kwake, akatuita pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mambo ya nyumba hayaamuliwi kwa mkono."

Nikaeleza. Reli, vishikizi, shingo. Mzee akanisikiliza kwa upole wa mtu anayejua anadanganywa. Baba Salma naye, badala ya kunitetea, akaanza kumfafanulia mili na dakika, mambo yakazidi kuharibika. Hatimaye mzee akasema atakuja huko uwanjani Jumapili, aione hiyo darubini inayopiga watu.

Akaja na kofia yake ya viua na kiti chake cha kukunja. Baba Salma alikwisha sogeza darubini mbele, nyusi zikasalimika, lakini risasi hazikwenda alikoelekeza. Moja kushoto, ya pili juu, ya tatu kwenye kichuguu. Akalaumu upepo, na kweli nyanda za huku haziachi kuvuma. Akalaumu risasi. Akanilaumu mimi, eti nafungua chupa ya chai akivuta pumzi. Kisha akapiga, na baada ya muda, tiing! Akarusha mikono juu. Risasi huchukua sekunde moja na nusu ushei kufika huko, na mlio kama sekunde tatu kurudi, kwa hiyo una wasaa mzuri wa kutumaini. Bamba lililolia lilikuwa la jirani, na aliyelipiga ni jirani mwenyewe.

Ningemcheka zaidi kama hayajawahi kuwakuta mabingwa. Mwaka 1874, kwenye mashindano ya shabaha huko Creedmoor, Long Island, Waairishi walifungwa na Wamarekani pointi 934 kwa 931, na Mwairishi mmoja alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha, ila ya jirani. Bila darubini yoyote, lakini.

Nilipoinama kumpa kikombe ndipo nikaona. Kwenye bomba jeusi, mbele tu ya pete ya mbele, palikuwa na mkwaruzo mweupe unaong'aa, mpana kama punje ya mchele. Kila bunduki ikipiga teke, darubini ilikuwa inateleza ndani ya pete zake. Gundi ya shule ilikuwa imemeguka vumbi. Mzee akavaa miwani, akautazama mkwaruzo, akazitazama nyusi, akaniambia, "Mwanangu, nisamehe."

Vishikizi vipya vilikuwa vya dola 180, kipande kimoja chenye pete zote mbili, na safari hii nilinunua na ile spana. Baba Salma akakaza, spana ikatoa mlio wake, akataka kuongeza kidogo. Nikamkata jicho, akaacha. Mzee ndiye aliyeomba kujaribu kwanza. Alilala polepole, goti moja kisha lingine, akapiga bamba la yadi 300 kwa risasi ya kwanza, akagoma kuinuka.

Ijumaa iliyofuata mkewe alinipita mlangoni mwa msikiti bila salamu. Akarudi hatua mbili, akaninong'oneza: "Mama Salma, hiyo darubini, ni lazima iwe ya dola elfu mbili?"

Nikamwambia si lazima hata kidogo, ya nusu ya bei hiyo inatosha. Ila kwenye vishikizi asimbanie.