Keki Kwanza, Mtihani Baadaye

Kijana wetu anahitimu kidato cha nne. Ndivyo kadi inavyosema, na kadi yenyewe imechapishwa kwa rangi kwenye karatasi ngumu, sasa mimi ni nani hata nibishane nayo? Ila kwa wale wenzangu mnaopenda kufuatilia tarehe, mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mahafali yetu ni Oktoba. Mtoto atapongezwa kwa kumaliza, atavishwa shada la karatasi za kung'aa, atalishwa keki na kupigwa picha na ukoo mzima, halafu ndipo aingizwe chumba cha mtihani kuulizwa kama kuna kitu kilichobaki kichwani.

Wala si shule yetu peke yake. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, na mahafali yao huwa yameshaliwa na kusahauliwa. Kidato cha sita mtihani wao ni Mei, lakini miezi kadhaa kabla utawakuta stendi na mashada shingoni. Nchi nzima tumekubaliana kuwapongeza watu mapema, asije mtu akaharibu sherehe kwa matokeo. Kwenye kikao cha wazazi nilisimama nikauliza, kwa heshima zote, kwa nini tusingoje Januari matokeo yakatoka, tukajua tunampongeza nani. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akaniangalia kwa huruma: "Baba, Januari nani atakuja?"

Kikao kikacheka. Nikakaa.

Barua ya mwaliko wa kikao hicho ninayo. Serikali ilifuta ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016, kwa hiyo niliisoma barua juu hadi chini nikitafuta neno ada, na kweli halimo. Kuna mchango wa mhitimu. Kuna mchango wa mgeni wa mhitimu, maana mhitimu haji peke yake. Kuna sare, kuna picha ya pamoja, kuna keki, na mwisho kabisa kuna kitu kinaitwa dharura, shilingi 5,000. Mahafali yaliyopangiwa tarehe tangu mwaka jana yana dharura gani? Mhazini alinijibu kwamba dharura haijulikani mpaka itokee, ndiyo maana ikaitwa dharura. Huyu mama anafaa wizara ya fedha.

Tuliunda kamati. Ndani ya kamati tukaunda kamati ndogo: ya mapambo, ya chakula, ya usafiri, ya mapokezi ya mgeni rasmi, na ya ulinzi, ambayo mpaka leo sijui inamlinda nani dhidi ya nani. Hakukuwa na kamati ndogo ya Hisabati. Niliomba kifungu kidogo, tumlipe mwalimu mmoja awafundishe watoto jioni kwa wiki hizi zilizobaki. Mwenyekiti alisema wazo ni zuri sana, na akaliweka kwenye mengineyo. Wewe unajua mengineyo yanakuja saa ngapi: watu wameshabeba mikoba, mvua inanyemelea, na daladala za kwetu zikifika magharibi hazigeuzi tena. Mengineyo yakaahirishwa.

Kilichokula muda ni ndafu. Kama hujabahatika, ndafu ni yule mbuzi anayechomwa mzima, akasimamishwa mezani na majani mdomoni, ili aonekane bado anakula wakati ni yeye anayeliwa. Mama mmoja alieleza kwa uchungu kwamba shule ya jirani walikuwa na ndafu wawili. Tangu hapo hoja ikawa si kama tunahitaji ndafu, bali kama tunaweza kuishi na aibu ya ndafu mmoja. Mimi nimehudhuria shughuli nyingi zenye ndafu, na kwa mtu wa meza za nyuma ndafu ni mnyama wa kutazamwa. Humkata mgeni rasmi, humla meza kuu, na sisi tunapiga makofi, kisha tunasubiri pilau.

Nyumbani nako kuna kamati nyingine. Mama watoto ameamua kwamba mahafali ya shule yakiisha saa kumi jioni, ya kweli ndiyo yanaanza. Turubai, viti vya plastiki, spika mbili, na mshereheshaji wa kuwaambia watu wakae wakati tayari wamekaa. Kundi la ukoo kwenye simu, ambalo kwa kawaida ni la misiba na picha za Ijumaa Kareem, limebadilishwa jina na kuwa "Kijana Wetu". Kila asubuhi inatumwa orodha: jina, ahadi, taslimu. Shangazi yake wa Tanga ametuma 20,000 na ya kutolea, Mungu amzidishie. Binamu mmoja ametuma 10,000 bila ya kutolea, kumaanisha ametuma pungufu na anajua. Mjomba ameahidi 50,000. Mjomba huyu ameahidi katika kila shughuli ya ukoo tangu nimuoe dada yake, na ahadi zake zote bado ni mpya, hazijatumika.

Juzi tulikwenda kwa mtengeneza keki. Akauliza tuandike nini juu. Mama watoto akasema, "Hongera kwa kuhitimu." Mimi nikapendekeza "Kila la heri", maana ndiyo hali halisi ya jambo lenyewe. Mama watoto akanitazama kwa jicho lile.

"Baba watoto, keki haiandikwi mashaka."

Mtengeneza keki akaniunga mkono kidogo, akasema "Kila la heri" ina herufi chache na ingepunguza gharama. Tukaandika hongera.

Mhitimu mwenyewe sasa. Yeye ndiye aliyeteuliwa kusoma risala, na sisemi hivi kwa sababu ni wangu, ila anaisoma vizuri mno. Ameikariri mpaka vituo. Usiku ukipita karibu na chumba chake unasikia, "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto zinazotukabili." Nikaomba niione. Inaanza kwa idadi ya walioanza nao kidato cha kwanza, kisha idadi ya wanaomaliza, na pengo la katikati limefunikwa kwa maneno mawili: sababu mbalimbali. Nikamuuliza sababu zipi. Akasema hata risala ya mwaka jana iliandika hivyo hivyo. Wale watoto wa pengo hilo walikuwa wakija hapa kwetu kunywa maji wakitoka mpirani. Mmoja sasa ni kondakta, namlipa nauli.

Changamoto ya kwanza kwenye risala ni upungufu wa walimu wa sayansi na Hisabati. Ya pili ni vitabu. Ya tatu ni mashine ya kudurufu, kwa sababu mitihani ya majaribio inaandikwa ubaoni na anayekaa nyuma anajibu alichoweza kuona. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Watoto wenyewe watasimama mbele yetu, wamependeza, waseme kwa sauti iliyofanyiwa mazoezi kwamba hawakuwa na wa kuwafundisha Fizikia, na sisi tutapiga makofi kwa jinsi walivyotamka. Mgeni rasmi atasema amesikia. Ataahidi mashine. Mwaka jana aliyekuja aliahidi mashine pia, na nadhani yeye na mjomba wetu walisoma shule moja.

Mazoezi ya risala si kitu ukilinganisha na mazoezi ya kuingia ukumbini. Wahitimu hawaingii kwa kutembea siku hizi, wanaingia kwa kucheza. Hatua mbili mbele, moja nyuma, wanageuka wote kwa meza kuu, wanainama. Vipindi vya baada ya chakula cha mchana vimechukuliwa na kazi hiyo. Kijana anarudi jioni amelowa jasho, anakula, anarudia hatua zake kwenye korido, mdogo wake anamfuata nyuma. Nilimsimamisha nikamuuliza kanuni ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili, akaniambia baba, hiyo iko kwenye daftari. Daftari liko wapi? Liko chini ya vitenge.

Maana kuna vitenge pia. Wazazi tuna sare, bluu yenye maua ya dhahabu. Fundi alichukua malipo ya awali na vipimo, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kesho. Ukimkuta anashona, anashona cha mwenzako. Ukimpigia, yuko njiani kufuata zipu. Shati langu halihitaji zipu.

Huyu mdogo anayemfuata kwenye korido naye ni msomi. Alihitimu chekechea mwaka jana, kwa joho. Vazi hili lilianzia vyuo vya Ulaya, ambako watu walikaa kwenye kumbi baridi za mawe na walihitaji kitambaa kizito. Sisi tulimvika mtoto wa miaka mitano, Dar es Salaam, Desemba, saa sita mchana, chini ya bati. Kofia ilimfika puani. Alilia kuanzia wimbo wa kwanza hadi cheti, ambacho kilikuwa karatasi tupu iliyoviringishwa na kufungwa utepe. Chenye maandishi tuliambiwa tukifuate ofisini tukishamaliza michango.

Basi mambo yamekamilika. Turubai limelipiwa, ndafu wamekubaliwa kuwa wawili baada ya kura, mgeni rasmi amethibitisha. Kilichobaki ni mtihani. Ndugu msomaji, kama una mitihani ya Hisabati ya miaka ya nyuma, yenye majibu, naomba tuwasiliane haraka. Niko tayari kubadilishana na kadi ya watu wawili. Pilau utakula, ndafu utawaona.