Kishale Kisichotulia

Ukorofi wa kipanya cha kompyuta ni wa aina tatu: kishale huruka, hugoma, au hubofya mara mbili pale mtu alipobofya mara moja. Uchunguzi ungepaswa kuanzia kwenye tofauti hiyo. Kwa desturi huanza kwa kukigonga kipanya mezani, hatua inayompa nafuu mgongaji peke yake.

Kishale kikiruka, wa kwanza kushukiwa awe meza. Tumboni mwa kipanya cha kisasa mna taa na kamera ndogo inayopiga picha za uso wa meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde. Picha hulinganishwa moja na nyingine, na kwa njia hiyo kipanya hujua kimesogezwa upande gani na kwa kiasi gani. Kamera hiyo huhitaji kuona kitu: mistari ya mbao, nyuzi za kitambaa, mikwaruzo. Kioo safi hakina cha kupigwa picha. Ndiyo maana vipanya vizima hukataliwa dukani. Muuzaji anakijaribu juu ya kabati lake la kioo, kishale kinaganda kona moja, na mteja anaondoka akilalamika kuwa siku hizi kila kitu ni feki. Karatasi moja nyeupe ingemaliza kesi.

Meza ikiwa haina hatia, kipanya kigeuzwe. Unywele mmoja wa paka ukining'inia mbele ya lenzi unatosha kukitetemesha kishale. Kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo huutoa. Uhasama huu na uchafu ni wa ukoo. Kipanya cha kwanza, kilichoundwa mwaka 1964 na Douglas Engelbart na Bill English huko California, kilikuwa kisanduku cha mbao kilichotembea kwa magurudumu mawili. Vilivyofuata baadaye vilikuwa na mpira, ambao ulizoa vumbi la meza na kulipaka kwenye vigurudumu vya ndani hadi yakawepo magamba ya kubanduliwa kwa kucha. Mpira huo ulikuwa na kasoro nyingine, kwamba wanafunzi waliupenda. Maabara za shule zilibaki na vipanya vyenye matumbo matupu.

Kwa kipanya kisicho na waya, kugoma ni suala la betri kwanza, kisha la kipokezi. Kipokezi kilichochomekwa nyuma ya kompyuta ya mezani, chini ya meza ya chuma, husikia kwa shida. Diski ya nje ya USB 3.0 ikiwa jirani yake, hupiga kelele za redio katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Dawa ni kukihamishia tundu la mbele.

Wakati mwingine kishale hutembea chenyewe. Hapo maelezo huwa mengi: virusi, wadukuzi, na katika ofisi zenye ugomvi wa vyeo, mkono wa mtu. Kabla ya kufika huko, itazamwe kama kuna daftari lililolalia kibao cha mguso cha kompyuta ya mkononi. Vipanya vikinunuliwa vya aina moja kwa ofisi nzima, vitazamwe na vipokezi pia, maana vikibadilishana kompyuta, mhasibu husogeza chake na kishale kikakimbia kwa katibu muhtasi, naye huanza kusali.

Kubofya mara mbili ni habari nyingine. Kipanya kichomekwe kwenye kompyuta tofauti. Tatizo likikifuata, kosa ni la swichi iliyo chini ya kitufe, ambayo kibati chake chembamba kimechoka na sasa hurukaruka kinapogusana. Kitufe cha kushoto ndicho hufa mapema kwa sababu ndicho hufanya kazi karibu zote. Fundi anayejua kulehemu huweza kubadilisha swichi. Asiye na fundi aingie kwenye mipangilio, akabidhi kazi kwa kitufe cha kulia, na avumilie kufungua menyu badala ya faili mpaka kidole kizoee.