Mashine ya Kubana Matumizi

Mwanamume akikwambia ananunua mashine ili abane matumizi, mwambie akuonyeshe kwanza hayo matumizi yalipobanwa. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini, macho yanafumba yenyewe, na Baba Salma alikuwa ameshajiandaa pale mezani na kalamu yake. Risasi moja ya dukani bei gani, ya kujitengenezea nyumbani bei gani, toa hii kwa hii, zidisha mara elfu. Kwa hesabu ile tulikuwa tunapata hasara kila siku tuliyolala bila mashine.

Nieleze mapema, maana najua ndugu zangu wa Tanga wameshashika vichwa. Tunaishi Texas, nje kidogo ya Houston. Kwetu risasi ni kitu cha kibali na cha kuhesabiwa. Huku raia anajitengenezea gerejini kwa matumizi yake na hakuna anayemuuliza. Akitaka kuuza ndipo serikali inapomdai leseni. Na Baba Salma si mhuni. Anashindana kulenga shabaha, ule mchezo wa kukimbia na bastola huku saa inahesabu, ambao shirikisho lake la kimataifa liliundwa Missouri mwaka 1976. Jumamosi moja ya mashindano inakula risasi mia na ushee, na hapo hujataja mazoezi.

Zamani alikuwa na presi ya kazi moja kwa wakati. Ganda lililokwisha kupigwa unalitoa fataki (kile kiwashio kidogo) iliyoungua kitakoni, unalirudishia umbo lake, unatia fataki mpya, unapanua mdomo kidogo, unatia baruti, unakalisha kichwa, unabana. Rundo zima la maganda linapita hatua ya kwanza, anabadilisha kalibu, linapita ya pili, mpaka usiku unakwisha. Niliipenda ile presi. Haikuwa na kelele, na ilinijulisha mume wangu yuko wapi.

Hii mpya (mpya kwetu, aliinunua kwa mzee aliyekuwa anahama) inafanya yote kwa mpigo. Ina sahani ya chuma, maganda yamepangwa ukingoni, na juu ya kila ganda kuna kalibu yake. Ukivuta mkono mara moja, huyu anatolewa fataki, yule anatiwa baruti, wa tatu anakalishwa kichwa, wa nne anabanwa. Sahani inageuka na risasi iliyokamilika inadondoka kwenye kisanduku. Wenye nazo husema inatoa mamia kwa saa. Ni kweli, siku ambayo haijanuna.

Ila mwaka wenyewe ulikuwa 2020. Wamarekani walikuwa wamejifungia ndani kwa korona na wamenunua kila kilichouzwa, kuanzia karatasi za chooni hadi fataki. Fataki elfu moja zilizokuwa zikiuzwa dola 30 na kitu zikapita dola 100, tena uzipate. Mashine iliyokuja kutuokolea fedha ikakaa gerejini miezi kadhaa, imefunikwa kanga yangu, haina cha kula. Jioni Baba Salma alikuwa akienda kuivuta mkono mtupu, kra-tak, kra-tak. Nikamuuliza anatengeneza nini.

"Naizoesha," akasema.

Fataki zilipopatikana ndipo tukaingia kwenye usafi. Maganda yanaokotwa kiwanjani na matope yake, kisha yanatiwa kwenye chombo kinachotetemeka usiku kucha, kimejaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi. Huku yanauzwa kwenye mfuko wenye picha. Bibi yangu wa Muheza aliyazibia chupa ya mafuta ya taa maisha yake yote bila kujua amekalia mtaji. Baadaye bwana akasikia kwamba maji, sabuni ya vyombo na ndimu ya unga vinang'arisha zaidi, hata ndani. Ndimu ya unga ikapatikana, ile niliyoletewa kutoka Unguja kwa ajili ya urojo. Wageni wangu walikula urojo wa limau siku hiyo, na maganda yakang'aa kuliko sahani walizolia. Alipouliza kama yanaweza kukaushwa kwenye oveni, sikujibu, nilimtazama tu. Masalia ya fataki yana madini ya risasi. Mimi ni nesi, na ile oveni ni ya watoto.

Humo kwenye kutetemeka, ganda la milimita 9 linajiingiza ndani ya la .40, nalo ndani ya la .45, masufuria kabatini hivi. Usipoyachambua, mashine inakwama. Mume wangu anaamini kila kilichokwama kinataka nguvu. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani barabara ya kumi na mbili kule Tanga, nami nimekulia chini ya meza yake. Alikuwa akipiga vidole vya mwanafunzi aliyelazimisha gurudumu. Basi nikawa nasimama mlangoni nasema, "Baba Salma, usilazimishe," naye anajibu, "Silazimishi, naishawishi."

Tabu ya mashine inayofanya mambo mengi kwa mpigo ni kwamba ugonjwa unaanzia hapa na maumivu yanatokea kule. Wiki nzima fataki zilikuwa hazikai sawa, zinachomoza kitakoni na kuizuia sahani isigeuke. Alibadilisha springi, alibadilisha kijiti kinachozisukuma, akaanza kumshuku mzee wa watu. Nikaenda kuchuchumaa na tochi. Sahani ilikuwa inageuka kwa kushtuka, na kila ikishtuka, punje za baruti zinaruka kutoka kwenye maganda mafupi, zinateremka, zinajaa kwenye kitundu ambamo kijiti cha fataki hupanda na kushuka. Fataki haikuwa na kosa. Brashi ya kupakia rangi, kijiti cha meno, grisi kidogo mahali pa kusuguana na isipakwe hata chembe mahali baruti inapopita, basi, mashine ikanyamaza ugomvi.

Kusafisha vizuri kunataka uing'oe ile sahani, na chini yake kumekaa kigololi kidogo juu ya springi. Kitabu cha maelekezo kinaonya. Kitabu hakikusomwa. Kigololi kiliruka, kikagonga mlango wa friji, kikapotea. Tulihamisha gereji nzima. Kampuni ikatuma kingine bure kwa posta, maana nyingi za huku huhakikishia vipuri vyake maisha, na siku bahasha ilipofika Salma akaja na cha zamani ameshakichanganya na shanga zake.

Ya fataki iliyokuja sebuleni ndani ya soksi nitaisema haraka, kwa sababu bado inaniudhi. Ilianguka, ikakanyagwa, ikasafiri hadi kwenye zulia. Nami napitisha mashine ya kufyonza vumbi, nasikiliza taarabu, mara *pa!* Hakuna aliyeumia. Mashine ya vumbi ilikohoa harufu ya Idi. Tangu hapo gerejini kuna kandambili maalumu zisizovuka kizingiti, na mwenye kuvuka nazo analala huko huko.

Kuna jambo moja ambalo sifanyii mzaha. Ganda likitiwa baruti mara mbili, bastola inaweza kupasukia mkononi. Lisipotiwa kabisa, kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi ifuatayo ikakikuta humo. Makosa hayo hupenda kutokea mtu anapokatizwa katikati ya mvuto. Kwa hiyo akiwa kazini hatumsemeshi, na akikatizwa anaondoa yote yaliyo kwenye sahani na kuanza upya, hata kama aliyemkatiza ni mvua ya mawe.

Siku moja aliyemkatiza alikuwa Shangazi yetu. Usiku wetu ni asubuhi ya Tanga, na Shangazi hapigi simu ya kawaida, anapiga ya video. Salma akapokea, akaenda nayo hadi gerejini.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huo mlio wa nini? Na hilo pipa juu? Mnasaga?"

Baba Salma alitazama kimiminio cha baruti, akanitazama mimi, akaona umbali wa kumweleza mama wa miaka themanini habari za risasi za michezo.

"Tunasaga kidogo, Shangazi."

"Alhamdulillahi! Na unga mweusi hivyo?"

"Wa huku ndivyo ulivyo."

Yale maganda yote akayamwaga, akaanza upya, jasho likimtoka. Habari ikafika Chumbageni, Tanga, kabla sijazima taa. Juzi binamu yake Baba Salma ambaye hatujazungumza naye tangu harusi amenitumia ujumbe wa heshima sana: ana mtaji kidogo, anataka tuingie ubia, ila ajue kwanza, mashine yetu inakoboa pia au inasaga tu?