Nyumba ya Urithi: Tahadhari kwa Mnunuzi

Ukipita Malindi au Shangani, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukaambiwa "hii nyumba ya urithi", usikimbilie kupiga picha. Uliza kwanza: urithi upi?

Upo ule wa UNESCO, uliouingia Mji Mkongwe mwaka 2000. Huo utaujua kwa makatazo: dirisha usibadilishe, mlango usiguse, chokaa si saruji. Dunia imerithi, ila fundi akidai ujira haendi kuidai dunia.

Urithi wa pili ndio wenye meno. Mzee kafariki, kaacha mke, kijana mmoja na mabinti wawili. Zikishatolewa gharama za maziko, madeni, na wosia usiozidi theluthi, nyumba hukatwa mafungu 32: mjane 4, kijana 14, kila binti 7. Hesabu tamu, inakaa sawa kama kanzu ya Idi. Lakini nyumba yenyewe ina vyumba sita, ngazi moja na choo kimoja. Haya, nionyeshe fungu la saba linaanzia wapi.

Usicheke, bado. Kijana alihamia Maskati, akafia huko, akaacha wake wawili na watoto. Yale 14 nayo yakakatwa. Ukuta haujasogea hata shubiri, mafungu yanazaana kama panya darini.

Mtego sasa. Barazani utapokewa na ami mkunjufu, kahawa na kashata, akwambie, "Mwanangu, nyumba yetu hii." Isikilize hiyo "yetu", hakusema "yangu". Ukitoa arbuni leo, kesho atashuka shangazi kutoka Pemba, mwenye fungu lisilotosha kutandika msala, na yeye ndiye asiyetaka kuuza. Ukisikia "wakfu", malizia kahawa yako uage. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi.

Ukiona boriti za mikoko zimechungulia nje, usiulize kwa nini haitengenezwi. Jumba la Beit al-Ajaib, la tangu 1883, lina mwenyewe mmoja tu, Serikali, na bado liliporomoka upande tarehe 25 Desemba 2020. Nyumba hii ina wenyewe ishirini na kitu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Panda juu, angalia chini ya tundu la paa. Ndoo ile ya plastiki ni ya mpangaji.