Namna ya Kumfikisha Baba Maabara Akiwa Bado Mzima

Mwongozo huu ni wa wake, watoto na wajukuu wa Kirushya na vijiji vyote vya Ngara na Biharamulo ambako baba wa nyumba hajawahi kuumwa. Kwanza chagueni siku. Isiwe ya gulio, isiwe ya msiba, wala isiwe siku jirani anapokamua pombe ya ndizi, maana hapo mtakuwa mmeshindwa kabla ya kuanza.

Atawauliza: "Mimi nimekutwa na ugonjwa gani?" Mwambieni ukweli kwa heshima: hajakutwa na ugonjwa kwa sababu hajapimwa. Mama yenu amekojoa kwenye kikopo kila alipobeba mimba, kwa kuwa kliniki ya wajawazito hutafuta protini kwenye mkojo, dalili mojawapo ya kifafa cha mimba. Baba habebi mimba, kwa hiyo hana kliniki. Ndiyo maana mwanaume wa huku anafika miaka 60 bila mtu yeyote kujua figo zake zina hali gani, mpaka miguu ivimbe. Hilo linaniuma, maana figo hazilalamiki mapema: kreatinini, taka inayotolewa na figo, inaweza kubaki kawaida kwenye damu hata uwezo wa figo ukiwa umepungua karibu nusu.

Akisema maabara ni za kutafutia watu magonjwa, mkumbusheni Januari 2025. Homa ya Marburg ilipoingia Biharamulo, jina la ugonjwa lilipatikana kwa sampuli iliyopimwa kwenye maabara ya Kabaile, hapa hapa Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamekufa. Bila kile kichupa cha sampuli tungekuwa bado tunanong'ona habari za wachawi.

Vita vya pili ni vya chakula. Kwa sukari ya asubuhi anatakiwa akae saa 8 bila kula, maji anywe. Ndizi na maharage viliwe jioni mapema, na chupa ya chai ifichwe. Kikombe kimoja chenye sukari kinaharibu safari nzima, kwa sababu kuanzia sukari ya milimoli 7.0 kwa lita mtu aliyefunga anahesabiwa kuwa na dalili za kisukari na hupimwa tena ili kuthibitisha. Hamtajua kama ni kongosho lake au ni chai yenu.

Sasa kikopo. Dada wa maabara atamwamkia shikamoo, ataitikia marahaba, kisha ataambiwa, "Baba, utuletee wa katikati." Mwelezeni kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu pale ataona aibu kuuliza. Aanze kukojoa chooni, akinge kikopo mkojo ukishatiririka, amalizie chooni. Ule wa kwanza husafisha njia na kubeba uchafu wa ngozi. Asikae na kikopo kwenye benchi akipiga soga na wazee wenzake; mkojo ukikaa zaidi ya saa 2 kwenye joto, vijidudu huzaliana humo na majibu yanadanganya. Mkiweza, simameni karibu mwone kazi yenyewe. Kijiti chembamba chenye viraka vya rangi kinachovywa, kinakung'utwa, kisha kinalinganishwa na rangi zilizochorwa ubavuni mwa kopo lake. Kiraka cha sukari, cha protini, cha damu, kila kimoja kina sekunde zake, na kile cha seli nyeupe husubiriwa kama dakika 2. Mtaalamu anayetazama saa mheshimuni sana.

Damu ndiyo itakayoleta maneno. Atalia, "Mmenimaliza!" Mjibuni kwamba kichupa cha kifuniko cha zambarau, kile cha efu-bi-pi, yaani picha kamili ya damu, hubeba chini ya kijiko cha chai, mtu mzima ana lita 5 hivi mwilini, na anayejitolea damu hutoa mililita 450 na kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Ombeni nini? Wingi wa damu, sukari, kreatinini, mkojo, na presha ipimwe siku hiyo hiyo. Akiwa amewahi kuvua au kuoga Ziwa Victoria, ongezeni choo, kwa sababu kichocho kilichozoeleka pembezoni mwa ziwa ni cha tumbo na mayai yake hayatafutwi kwenye mkojo. Zahanati itafanya baadhi. Kreatinini mara nyingi itawapeleka hospitali, Murgwanza au Biharamulo. Lakini jihadharini na mashine moja inayozunguka mijini: mtu anashika kijiti cha chuma, kompyuta inamsomea ini, ubongo na nguvu za kiume kwa dakika moja, halafu anauziwa makopo ya virutubisho. Huo ni wizi. Ini na ubongo havisomwi kwa kushika chuma.

Wala msinunue vipimo vyote vilivyobandikwa ukutani. Kiwango cha kawaida huwekwa ili watu 95 kati ya 100 walio wazima waangukie ndani yake. Mtu mzima kabisa akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kimoja kutoka nje ya mstari unazidi nusu, na hapo mtauza mbuzi kutibu namba.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni yuti-ai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Seli za usaha chache, haumwi chochote, hasikii moto akikojoa, na tayari mtu yuko duka la dawa anataka azuma, dawa ya kuua bakteria. Asiye na dalili, ambaye si mjamzito, kwa kawaida hahitaji dawa hiyo. Tunazichosha dawa zenyewe, na siku mjukuu atakapozihitaji kweli zitakuwa zimeshazoeleka. Mwenye dalili zinazorudi aombe mkojo uoteshwe.

Majibu yaandikwe kwenye kidaftari chake, na kidaftari akiweke mama. Protini ikionekana mara moja msilie. Homa au jembe la jana vinaweza kuileta. Apimwe tena kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, na tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu ikiendelea kuwepo muda huo ndipo daktari husema figo zina ugonjwa wa kudumu. Hata hapo, presha na sukari zikidhibitiwa, baba anaweza kulima miaka mingi bila kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu.