Achari elfu tano, mume bure

Siku hizi ukitaka kununua sufuria Dar es Salaam, ujiandae kwanza kumpa pole mwenye sufuria. Unaona picha, sufuria zinang'aa, unashuka chini kutafuta bei. Bei hakuna. Kuna habari ya jinsi alivyoachika, akarudi kwao na begi moja, akaanza na mtaji wa shilingi elfu kumi, na leo Mungu si Athumani. Unasoma, unasikitika, unafika mwisho: "Bei njoo inboksi." Unakwenda inboksi, unasalimiwa "Habari mpendwa", halafu unaachwa hapo mpaka magharibi.

Nimesoma ya muuza keki, ya fundi cherehani na ya dada wa mitumba. Wote walianza na elfu kumi. Nashuku ni noti ileile moja wanaazimana.

Ningekuwa mteja tu ningevumilia. Balaa ni kwamba mimi ni malighafi. Mke wangu anatengeneza achari ya embe hapa hapa Tabata, na hata niwe na hasira kiasi gani sitasema uongo, ni tamu. Maembe mabichi anayakata vipande, anayatia chumvi, anayaanika juani, ndipo pilipili, bizari na siki vifuate. Chupa elfu tano. Alikuwa akiweka picha na bei, watu wananunua taratibu, nyumba ina amani. Ndipo akaenda semina ya ujasiriamali. Mwalimu wa huko, ambaye sijamwona wala sina hamu ya kumwona, akawaambia mteja hanunui bidhaa, ananunua stori. Mwenzangu akarudi nyumbani, akaangaza macho sebuleni kutafuta stori, akaniona mimi nimejinyoosha kwenye kochi.

Iliyonivunjia heshima ni ile ya jicho. Usiku umeme umekatika, njaa inauma, nikaenda jikoni kwa kupapasa. Chupa ya kwanza niliyoigusa nikaifungua, nikachovya kidole, nikaonja. Halafu, joto la Dar unalijua, nikafuta jasho usoni kwa kidole kilekile. Kelele nilipiga, sikatai. Lakini asubuhi stetasi inasema: "Jana usiku tumeingiliwa na mwizi." Picha ya kwanza, mlango wa jikoni. Ya pili, chupa imefika nusu. Ya tatu, mwizi mwenyewe, jicho limevimba kama andazi, na maneno chini yake: "Kumbe ni baba watoto! Sasa semeni wenyewe hii achari ikoje. 5,000 tu, tunakuletea mpaka mlangoni."

Nusu chupa! Kidole kimoja kinamalizaje nusu chupa? Kama ni chumvi, maembe si yapo, akaitie huko.

Kufika adhuhuri mzigo umekwisha, na wengine wameshaweka oda za wiki inayofuata. Hapo ndipo panaponiuma. Ile picha nzuri ya achari kwenye bakuli la udongo, aliyoipiga asubuhi nzima akihama na jua, ilikuwa inauza chupa mbili tatu. Siku moja akaandika maneno mazuri kuhusu upendo katika ndoa, hakuna aliyenunua hata kifuniko. Watu hawataki upendo katika ndoa. Wanataka giza, kidole na kelele. Mwalimu wa semina alikuwa sahihi, na ndiyo maana simpendi. Hakuwaambia tu kwamba anayesimulia anapata oda, anayesimuliwa anapata pole.

"Si inafutika baada ya saa 24?" ananiambia. Inafutika kwenye simu yake. Nimekaa msibani Kigogo, kwenye mkeka, uso wa huzuni nimeuweka sawasawa, jamaa nisiyemjua ananiinamia sikioni. Nadhani ananipa habari za mazishi. "Jicho linaendeleaje, shemeji?" Shemeji! Kanunua chupa moja, undugu umeingia.

Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na staha. Duka la Kaderdina Hajee Essak pale Mombasa, lile la Mali ya Abdulla, lipo tangu 1887, na limeuza kanga zenye maneno kwa vizazi na vizazi. Majirani wamechambana kwa kanga hizo, mawifi wamerushiana vijembe, wake wenza wamenuniana mwaka mzima, lakini hakuna kanga iliyowahi kubandikwa uso wangu. Kanga inatupa fumbo na kunyamaza, mwenye kujishuku ajijue. Na yule muuza dawa anayepita na kipaza sauti kilichorekodiwa: panya, mende, kunguni, basi, anaanza upya. Hajawahi kutueleza mkewe anavyokoroma.

Nikajaribu sheria. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina tume yake kabisa. Nikamweleza mwenzangu kwa sauti ya kiofisi kwamba taarifa za mtu hazichukuliwi tu kama maji ya mvua. Hakuacha hata kusaga pilipili. "Baba watoto, una siri gani wewe? Ukikoroma jirani anagonga ukuta." Kesho yake hiyo nayo ikawekwa hewani, na jirani akanunua.

Basi nikabadili gia, nikadai chochote. Uso wangu, jicho langu, nipe hata buku kwa chupa. Akafungua daftari la biashara akapiga hesabu mbele yangu: chupa iliyoonjwa, dawa ya jicho, bodaboda ya kwenda na kurudi zahanati. Ikaonekana ninadaiwa.

Jumamosi mama yangu anakuja kutoka Muheza, na nimemwona mwenzangu akifuta kioo cha kamera ya simu kwa upindo wa kitenge. Nikampigia mama kumtahadharisha. Nikamweleza yote, semina, mwizi, msiba wa Kigogo, na kwamba akikohoa tu jikoni atakuwa tangazo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu," akasema, "nije na gauni lipi?"