Swali la Tisa, Bando Likakata

Mguu wangu wa kushoto una ganzi tangu mwaka juzi. Safari hii kliniki ya kisukari wameniongezea ugonjwa wa pili: eti nina mawazo. Mwanaume wa miaka 58, wa Mbagala Kizuiani, mwenye sukari, watoto wawili sekondari na baba mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akikosa mawazo si ndiye wa kupelekwa hospitali ya akili, Mirembe?

Muuguzi simlaumu. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje, na ni kweli mwenye kisukari huandamwa na sonona karibu mara mbili ya asiye nacho. Akanielekeza programu ya simu inayozungumza na wagonjwa kama sisi, tena kwa Kiswahili, tena bure. Jioni ile mpwa wangu akaniwekea. Bure kweli. Ila bando nilinunua mwenyewe.

Inaanza na maswali tisa, yale yanayoitwa PHQ-9, yaliyotungwa Marekani mwaka 1999 kwa fedha za Pfizer, kampuni ya dawa. Sisemi kitu, nataja tu. Katika wiki mbili zilizopita, umepata shida ya usingizi? Karibu kila siku. Usiku naamka mara nne kwenda haja ndogo, ya tano naamshwa na kigodoro cha mtaa wa pili. Umejihisi mchovu? Sukari ikipanda nachoka, ikishuka nachoka. Hamu ya kula imepungua? Hamu ipo pale pale, kilichopungua ni ugali, ambao siku hizi napimiwa ukubwa wa ngumi. Unatembea polepole hadi watu wanakushangaa? Mguu nimeshawatajia.

Hakuna pa kuandika kwamba hii ni sukari na ile ndiyo roho. Kila jibu ni alama tu. Kufika swali la nane mpwa akajumlisha kwa vidole: "Anko, una 17!" Hesabu shuleni sikuwahi kuzifikisha alama hizo.

Swali la tisa silifanyii utani. Linauliza kama umewaza kuwa ni bora ufe. Mpwa nikamtuma maji. Nilikaa na lile swali muda mrefu, dole gumba likiwa juu ya kioo kilichopasuka, nikimkumbuka rafiki yangu wa Tandika aliyekatwa mguu, akatoka hospitali akageukia ukutani, hakutaka tena kuona mtu. Nikabonyeza jibu langu. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ukaingia ujumbe: ndugu mteja, umemaliza kifurushi chako.

Kesho yake nikanunua kingine. Nikaandika kwamba mguu unawaka moto usiku. Ikanijibu: "Nasikitika kusikia kwamba mguu unawaka moto. Unajisikiaje mguu unapowaka moto?" Nasikia ni tabia ya ukoo. Babu yao, programu iitwayo ELIZA, aliyezaliwa Marekani mwaka 1966, naye kazi yake ilikuwa kukurudishia maneno yako yakiwa swali. Kisha ikanishauri nivute pumzi ndefu, nihesabu hadi nne. Nikajaribu ndani ya daladala, nimebanwa na mama mwenye ndoo ya samaki kutoka Feri. Nilifika mbili.

Jioni nikaenda zangu kijiweni. Muuza kahawa aliponiona tu akaigonganisha ile jozi ya vikombe, akanimiminia, na sahani ya kashata akaisogeza mbali bila kuambiwa. Mzee mwenzangu akaacha ubishi wa Simba na Yanga: "Vipi mguu?" Nikamwambia. Hakusikitika hata kidogo. Akasema wake ulianza hivyo hivyo, akanikagua kandambili, akanitukana kwa kutovaa viatu vya kufunika vidole. Usiku ule nililala mpaka haja ya tatu.

Kuna daktari wa akili Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliyeyajua haya mapema. Mgonjwa wake alijiua. Familia ilikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, akaanza na bibi 14, akawafunza kukaa benchini na wenye mawazo na kuwasikiliza. Benchi hilo limeshafika Zanzibar na hata New York. Hao bibi wanaulizia mpaka kodi ya nyumba, maana wanajua mawazo mengine yana risiti.

Sitaki programu ifutwe. Saa tisa usiku kijiwe kimefungwa na mke wangu kalala, hiyo tu ndiyo iko macho na mimi. Lakini ninyi mnaozitengeneza, hata kama mpo Masaki, fanyeni mambo mawili: ziende bila bando, na ongezeni swali la kumi, la nauli.

Kliniki yangu ni Jumanne. Ya kwenda ninayo.